Namba Chini ya Kikombe

Asubuhi ya siku ya thelathini na saba ya Pazia, Mbwarali Sheha aliusukuma uji wake pembeni kwa sababu ya wimbo wa watoto.

Wimbo ulitoka kwenye redio ya ukumbi wa chakula. Watoto wa Nyangumi, chombo kilichokuwa kimeegeshwa mwendo wa siku mbili kutoka Kituo cha Masafa, walikuwa wakiimba kupoteza muda. Miezi saba walikuwa wakisubiri. Mbwarali angeweza kuwasamehe kelele zote za dunia, lakini walichoimba ni ubeti wa Tumsifu Lema.

"Wanaukosea," alisema, huku akikunja uso. "Mstari wa pili umepungua."

Tumsifu, aliyekaa ng'ambo ya meza, aliendelea kumenya yai lake. "Hawaukosei, Kaka. Ndivyo nilivyouandika."

"Basi uliuandika vibaya."

"Niliuandika haraka. Nilikuwa na njaa." Akacheka, akamwaga chumvi juu ya yai. "Wako una mizani kamili, Kaka Mbwarali. Wangapi wanauimba?"

Wapishi wawili wakaangua kicheko. Mbwarali akacheka pia, kwa meno tu.

Kila mtu aliyefanya kazi Masafani aliijua desturi ya beti. Zamani, ule mwaka wa Mfuto, mashine zilipopoteza kumbukumbu zote kwa siku moja, masafa yaliyosalia ni yale tu ambayo watu walikuwa wameyaimba. Tangu hapo, mpimaji akishapata umbali wa kundi la nyota huifungia namba yake ndani ya ubeti. Na kabla ya mruko, chombo kizima husoma kwa sauti moja ubeti wa yule ambaye namba yake imekubaliwa. Mbwarali alikuwa amejifundisha ushairi mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole kwenye zamu za usiku, bila mwalimu na bila kitabu. Miaka kumi na moja, makundi kumi na manne, na kila mara ubeti uliosomwa ulikuwa wake. Kisha akaja binti huyu kutoka Machame, na katika kundi lake la kwanza kabisa, lile la Ufito, namba zikapishana. Wakapima mara ya tatu. Tumsifu ndiye aliyekuwa sahihi, na ubeti wake ndio huu waliokuwa wakiuimba watoto.

Bi Mwatime, mkuu wa kituo, alimpongeza msichana mbele ya watu wote. Alimshika mabega. Miaka kumi na moja, Mbwarali hakuwahi kushikwa mabega.

"Mmemaliza?" Bi Mwatime aliuliza sasa, akipita na birika la chai. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mwendo wa taratibu na macho yasiyo na taratibu hata kidogo. "Zungumzeni mizani, zungumzeni mayai. Nikisikia neno moja juu ya Tandu, nawafungia chakula vyumbani."

"Hatujaitaja, Bi Mkubwa," alisema Tumsifu.

"Na msiitaje. Zimebaki siku tatu."

Tandu ndilo lilikuwa jina la kundi wanalolipima, nyota mia tatu na kitu zilizojipanga kwa mkunjo kama mdudu huyo anavyotambaa ukutani. Nyangumi ilitaka kwenda huko, na mruko haujui kubahatisha. Chombo hupewa umbali, hula akiba yake yote ya nguvu kwa pigo moja, kisha huibuka pale pale kilipoambiwa. Kikiibuka katikati ya nyota, hunywa mwanga wao na kujaa tena. Kikiibuka mahali pasipo na nyota, hakuna cha kunywa. Ndani ya Nyangumi mlikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili.

Kwa hiyo umbali ulipimwa na watu wawili, kwa njia mbili, vyumba viwili, siku arubaini. Hakuna kuonana karatasi. Hilo ndilo lililoitwa Pazia. Kosa la mmoja lisimwambukize mwenzake. Namba zikilingana, ubeti unaosomwa ni wa mpimaji wa kwanza, naye alikuwa Mbwarali.

*

Njia ya Mbwarali ilikuwa ya mwanga. Alichukua Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima walikitazama kujua msimu wa kulima, na ambacho umbali wake ulijulikana bila ubishi: miaka mia nne na arubaini ya nuru. Alitafuta ndani ya Tandu nyota zenye rangi ile ile na za Kilimia. Nyota pacha kwa rangi ni pacha kwa nguvu ya kung'aa, kama taa mbili za aina moja. Ile inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Nyota za Tandu zilionekana hafifu mara ishirini na nne.

Lakini kati ya Tandu na macho ya watu kulikuwa na vumbi. Vumbi hupunguza mwanga, na anayelisahau hudhani nyota ziko mbali kuliko zilivyo. Vumbi lina tabia ya kuwa mbea, hujitangaza lenyewe kwa kuzitia nyota wekundu. Mbwarali aliupima wekundu huo siku tisa. Alipouondoa, mara ishirini na nne zikawa mara kumi na tano. Na kwa kuwa mwanga hufifia kwa mraba wa umbali, mara kumi na tano maana yake ilikuwa karibu mara nne ya umbali wa Kilimia: miaka elfu moja mia saba na kumi ya nuru.

Alipata jibu hilo siku ya thelathini na sita. Akaliandikia ubeti papo hapo, na ubeti ukaja kama maji:

*Tandu nimekufikia, usijifiche vumbini,*
*Kumi na saba za mia, na kumi zi mizanini,*
*Kwa nuru ya Kilimia, nimekupima yakini,*
*Nyangumi itaingia, ipige mbizi mwangani.*

Aliusoma mara tatu, akauchapa. Mashine ya kituo ilipiga siku na saa pembeni mwa karatasi, kama inavyopiga kila karatasi. Akaukunja, akautia mfuko wa shati upande wa moyo.

Angeishia hapo, leo jina lake lingekuwa kwenye ubao wa kituo, mbele ya jina la Tandu.

Siku ya thelathini na nane, yapata saa nne asubuhi, alikuwa akipita kwenye ujia aliposikia maji yakimwagika bafuni na Tumsifu akiimba humo ndani. Aliimba kama mtu asiye na deni na ulimwengu. Mtu aliyemaliza kazi, Mbwarali aliwaza. Mtu mwenye uhakika.

Akiwa mpimaji wa kwanza, alikuwa na ufunguo wa vyumba vyote, kwa ajili ya moto. Hakukuwa na moto. Alifungua.

Chumba kilinuka chai ya tangawizi. Juu ya meza palikuwa na kikombe, na chini ya kikombe karatasi, na kwenye karatasi namba imezungushiwa duara mara mbili: 1,940.

Alifunga mlango, akarudi kwake, akaketi.

Njia ya Tumsifu ilikuwa ya macho mawili. Nyoosha kidole mbele ya uso, funga jicho moja, kisha jingine; kidole kitaruka pembeni, na kadiri kilivyo karibu ndivyo kinavyoruka zaidi. Kituo kilikuwa na Jicho la Mashariki na Jicho la Magharibi, darubini mbili zilizotenganishwa na upana wote wa njia ya Dunia kulizunguka Jua. Tumsifu aliutazama mruko mdogo mno wa nyota za Tandu kutoka jicho hadi jicho, na mruko huo ukampa umbali. Hakukuwa na vumbi katika hesabu yake. Hakukuwa na kubishana na wekundu. Ndiyo njia iliyomshinda Mbwarali katika Ufito.

"Mara ya pili," alijisemea. "Mbele ya watu wale wale."

Akilini aliwaona wapishi wakicheka. Alimwona Bi Mwatime akinyoosha mikono kuelekea mabega yale. Mwisho wa mwaka Bi Mwatime angerudi nyumbani Pangani, na mmoja wao wawili angekalia kiti chake.

Alizifungua hesabu zake tena. Hakuna aliyemwambia azifungue, na yeye mwenyewe hakujiambia anafanya nini. Alijiambia anahakiki. Labda wekundu ule haukuwa wa vumbi wote? Labda nyota zenyewe zilikuwa nyekundu kidogo kwa asili? Akapunguza vumbi. Umbali ukasogea: elfu moja mia saba na themanini. Akapunguza tena. Elfu moja mia nane na sitini. Kupunguza vumbi kwa kalamu ni kazi nyepesi kuliko zote, halipigi kelele. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amefika elfu moja mia tisa na arubaini, na kila hatua ilikuwa na sababu yake iliyoandikwa vizuri.

Alifuta hesabu za mwanzo kwenye mashine. Karatasi zake akazitia kwenye pipa la kusaga. Akabadili ubeti: *kumi na tisa za mia, na arubaini ndani*. Ulikaa sawa kwenye mizani, na aliuchukia kama sahani iliyokwisha kuliwa na mwingine. Ule wa kwanza aliutoa mfukoni ili nao aende kuusaga. Akausoma. Ulikuwa mzuri mno. Akaurudisha mfukoni.

*

Siku ya kufungua, watu wote kumi na wanane wa kituo walijaa ukumbini. Redio ilikuwa wazi, na sauti ya Nahodha Ruhinda wa Nyangumi ilikuwa ikikoroma ndani yake.

"Masafani, habari za asubuhi. Tumeshafunga mikanda huku. Kuna bibi mmoja kafunga na kuku wake."

"Kuku mnampeleka wapi?" Bi Mwatime aliuliza.

"Anasema hawezi kuhamia kwa watu mikono mitupu."

Vicheko. Bi Mwatime akachukua bahasha mbili kutoka kwenye sanduku lenye kufuli, akachana ya kwanza.

"Mpimaji wa kwanza, Mbwarali Sheha. Elfu moja mia tisa na arubaini."

Mbwarali alimtazama Tumsifu ili aone furaha ya mtu aliyeungwa mkono. Hakuiona. Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza, na rangi imemtoka.

"Mpimaji wa pili, Tumsifu Lema." Bi Mwatime akachana bahasha ya pili. "Elfu moja mia saba na kumi na mbili."

Ukumbi ukapoa.

Kwanza Mbwarali hakuelewa. Kisha damu ikampanda mpaka masikioni. Mia saba na kumi na mbili! Ile ilikuwa namba yake. Namba yake mwenyewe, aliyoitoa vumbini kwa siku tisa, sasa inasomwa kwa jina la mwanamke huyu, na mbili zimeongezwa juu ili kuficha wizi. Aliingia chumbani kwangu, aliwaza. Aliingia kama mimi nilivyoingia, akaiba.

"Zimepishana zaidi ya moja katika mia," alisema Bi Mwatime polepole. "Sheria mnaijua. Mpimaji wa kwanza ana hiari. Ama asimamie namba yake, chombo kiruke. Ama chombo kisubiri, tupime upya kwa Pazia refu la miaka miwili."

Redio ilikohoa. "Bi Mwatime," alisema Nahodha Ruhinda, "miaka miwili hatunayo. Watu wameuza nyumba. Tukirudi, tunarudi barabarani."

Macho yote yakamgeukia Mbwarali.

"Kaka," alisema Tumsifu. Sauti yake haikuwa na ushindi wala hasira. "Kaka Mbwarali, nakuomba usisimamie hiyo. Tazama upya vumbi lako. Hapo penye elfu moja mia tisa na arubaini hakuna kitu. Ni giza. Wataibuka gizani."

Angeweza kuitikia kwa kichwa tu kwamba anaisimamia. Namba ingekwenda, ubeti wake ungesomwa, na hakuna ambaye angejua chochote mpaka chombo kitakapokosa kujibu. Au angeweza kusema wasubiri, akajifanya mtu wa tahadhari. Milango yote miwili ilikuwa wazi, na wa pili ulikuwa hata na heshima. Lakini kuna jambo moja ambalo mwenye wivu haliwezi, nalo ni kumwona mwingine amevaa nguo yake mbele ya watu.

"Hiyo si namba yako!" alifoka. "Mwizi wewe! Namba yako ni elfu moja mia tisa na arubaini!"

"Namba yangu?" alisema Tumsifu.

"Usijifanye mjinga! Uliizungushia duara mara mbili!"

Alisikia maneno yake yakitua, moja baada ya jingine, na akajua yametua wapi.

"Ndiyo," alisema Tumsifu taratibu. "Niliizungushia. Siku ya thelathini na saba, kabla sijalala. Niliandika kwenye karatasi moja tu, Kaka, na karatasi hiyo niliifunika kwa kikombe."

Bi Mwatime aliweka bahasha chini. "Mbwarali. Toa ufunguo."

Aliutoa. Ulilia mezani.

"Sasa wewe," Bi Mwatime alimgeukia Tumsifu. "Arubaini imekuwaje kumi na mbili?"

"Vinara vya mbali, Bi Mkubwa." Tumsifu aliongea haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Siku ya thelathini na tisa nilirudia kuvitazama. Ni taa zilizo mbali kuliko galaksi yetu yote, hazitakiwi kuruka hata kidogo kutoka jicho hadi jicho. Nikaona zinaruka. Kidogo, lakini zinaruka, na kurudi nyuma. Maana yake Jicho la Magharibi limeinama. Niliondoa huo mwinamo kwenye hesabu, Tandu ikasogea karibu. Kila kitu kimo humo kwenye karatasi zangu. Sikumwibia mtu."

Bi Mwatime alizisoma karatasi zile kimya, ukurasa kwa ukurasa, huku redio ikikoroma na yule kuku akilia kwa mbali. Mwisho akaitikia kwa kichwa.

"Naiamini," alisema. "Lakini imani yangu si kipimo cha pili. Hiari ya kusimamia ni ya mpimaji wa kwanza tu; namba ya wa pili peke yake hairushi chombo. Na ya Mbwarali haipo tena; aliyechungulia hana namba." Akaisogelea redio. "Nahodha, niwie radhi."

"Subiri, mama. Subiri kidogo. Hakuna njia?"

Mbwarali alikuwa amesimama pale pale, mikono ikining'inia. Upande wa moyo, karatasi iliyokunjwa ilimchoma kama kaa.

Ilikuwa na siku na saa pembeni. Siku ya thelathini na sita. Siku mbili kabla hajaugusa mlango wa mtu. Ilikuwa safi, na ilikuwa kipimo cha pili.

Akinyamaza, angepoteza kazi tu, na kazi alikuwa ameshaipoteza. Akinyamaza, Tumsifu naye asingepata kundi. Asingesomewa ubeti. Asingeshikwa mabega. Wangekuwa sawa, wote wawili mikono mitupu, na wazo hilo lilikuwa tamu kiasi cha kumtisha. Akiitoa, yeye mwenyewe ndiye angemvika taji, kwa mkono wake, kisha apande chombo cha mizigo kurudi nyumbani na jina la mchunguliaji. Na ubeti bora aliowahi kuandika ungeingia faili kama ushahidi, usisomwe na mtu.

Kwenye redio, mtoto aliuliza kama wanaondoka au hawaondoki. Mama yake akamwambia anyamaze.

Mbwarali alifungua kifungo cha mfuko.

"Kumi na saba za mia," alisema. "Na kumi. Siku ya thelathini na sita. Tazameni muhuri wa mashine."

Bi Mwatime aliipokea karatasi. Alitazama pembeni, kisha akasoma ubeti. Aliusoma mara mbili. Hilo Mbwarali aliliona.

"Uliipata," alisema Bi Mwatime. "Ulikuwa umeipata, mwanangu. Kulikuwa na nini tena cha kwenda kutafuta chumbani kwa mwenzako?"

Hata mwenyewe alikuwa ameanza kujiuliza.

"Mia saba na kumi kwa mwanga. Mia saba na kumi na mbili kwa macho mawili," Bi Mwatime aliwatangazia watu. "Zimekubaliana. Nahodha, andika namba ya mpimaji Tumsifu Lema. Na ubeti wake huu hapa."

Kulikuwa na vifijo. Mbwarali alitazama mikono ya Bi Mwatime ikienda pale alipojua itakwenda, kwenye mabega yale. Ilimuuma. Alikuwa ametumaini, kwa ujinga, kwamba haitamuuma tena.

Tumsifu alijipenyeza katikati ya watu akaja kusimama kando yake. Hawakutazamana.

"Ungeweza kuificha," alisema.

"Bado najuta kuitoa."

"Najua. Uso wako unasema." "Wako ni mzuri kuliko wangu, Kaka. Mara nyingi mno."

"Hilo nalijua mimi. Usinihurumie, Tumsifu."

"Haya. Sikuhurumii."

Redio ikafunguka yote. Watu mia tatu na kumi na wawili, wazee, watoto, bibi mwenye kuku, wakavuta pumzi na kuanza kusoma pamoja:

*Tandu washa taa zako, wageni tuko njiani,*
*Kumi na saba za mia, na kumi na mbili ndani,*
*Watoto wana njaa, wazee wana imani,*
*Bandika maji ya chai, tunakuja majirani.*

Mstari wa tatu ulichechemea. Kipande cha kwanza kilikuwa na mizani saba badala ya nane. Wanayo njaa, aliwaza Mbwarali, *wanayo*, mtoto wa shule angeuona! Na wao mle ndani hawakuona kitu. Walikuwa wanacheka, wanaurudia, mara ya pili, mara ya tatu, na mara ya tatu vidole vyake vilikuwa vinahesabu pajani, na midomo yake, bila ruhusa yake, ikaijaza ile mizani iliyopungua.

Redio ikanyamaza ghafla.

Walisubiri ukumbini, wote kumi na wanane. Birika lilipoa. Chombo kikiibuka salama, kilitakiwa kupiga mlio mmoja kwa njia ile ile ya mruko. Tumsifu alikuwa ameshika mkono wa shati la Mbwarali bila kujua, na Mbwarali hakuuondoa.

Mlio ukaja. Nyuma yake, kwa mbali mno, akalia kuku.